Nafuu ya Nani?

Lugha yetu ina maneno mawili ya kusifia bei ndogo, nayo hayafanani kama tunavyodhani. Tunasema bei rahisi, tena tunasema bei nafuu. Rahisi ni kinyume cha gumu. Kitu rahisi hakimtaabishi mtu kukipata. Nafuu ni neno la nyumbani kwa mgonjwa. Tunauliza kama amepata nafuu, yaani kama maumivu yamepungua. Kwa hiyo bei rahisi inamhusu mnunuzi siku anapotoa fedha, lakini kitu cha bei nafuu hakina budi kumpunguzia mtu fulani taabu baada ya siku hiyo kupita. Najua kwamba watu madukani hawatenganishi maneno haya, wala sina nia ya kuwasahihisha wenye maduka wa Babati. Hata hivyo, mwaka jana nilikuwa mmoja wa watu watatu waliotumwa kununua kompyuta kwa fedha za wenzao, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: tunaposema kitu hiki ni cha nafuu, nafuu hiyo ni ya nani?

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kutumika kando ya njia ya mbio, uwanjani. Msomaji wa mbali aelewe kwamba katika Mkoa wetu wa Manyara, ulioundwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha, mbio ni jambo zito. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978, na mwaka 1982 akashinda mita 10,000 huko Brisbane, Australia. Mwaka 2005, katika mji uleule wa Edmonton, Fabiano Joseph aliyezaliwa hapa Babati alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mtoto wa huku akitumwa dukani akaenda mbio, aghalabu yupo mzee kando ya njia anayemwangalia miguu.

Kikundi chetu ni cha wazazi, walimu wachache na wastaafu kama mimi. Tunao vijana wapatao arobaini, zaidi ya nusu wakiwa wasichana, na mara tatu kwa mwaka tunaandaa mashindano. Miaka yote tumepima kwa saa za mkono na kuandika katika daftari. Kwa mbio ndefu saa ya mkono inatosha kabisa, lakini kwa mbio fupi kidole cha binadamu ni hakimu mbaya. Kijana anayekimbia mita mia kwa sekunde kumi na moja hupita takribani mita moja katika kila sehemu ya kumi ya sekunde. Kidole kikichelewa kidogo tu, kimekwisha kumnyang'anya mita nzima. Kocha wetu akaeleza kwamba video ya simu ya kawaida huwa na picha thelathini katika kila sekunde, na kwamba ukiitazama picha moja moja katika kioo kipana, waliofika pamoja hutenganishwa bila ugomvi. Zaidi ya hayo, orodha ya majina na muda wa kila mmoja ingetunzwa vizuri na kupelekwa mashuleni siku hiyo hiyo. Karatasi hiyo ndiyo humwezesha mtoto wa mkulima kuonekana na wanaochagua timu ya wilaya na ya mkoa.

Kwa Kiswahili sanifu chombo hiki kinaitwa kompyuta mpakato, na aliyelibuni jina hilo alikuwa na sikio zuri. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Kila mzazi anajua kwamba mtoto apakatwaye hupata joto, hutulia, hulindwa na mikono miwili. Lakini uwanjani hapana paja la mtu. Kuna meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, kuna jua la saa sita, kuna upepo unaoteremka kutoka Mlima Kwaraa ukibeba vumbi jekundu la mwezi wa Septemba, na kuna watoto kumi na watano wanaotaka kuona jina lao kwa wakati mmoja.

Michango ilifika shilingi 1,240,000. Nataka msomaji aelewe fedha hiyo ilikuwa fedha ya namna gani. Sehemu kubwa ilitoka katika mbaazi na alizeti, na mkulima wa mbaazi wa Babati hajasahau mwaka 2017, India ilipowekea mipaka uagizaji wa zao hilo na bei ikaanguka mpaka watu wakaona bora waache mbaazi shambani. Mtu aliyepita katika hali hiyo akikupa shilingi elfu tano kwa ajili ya kompyuta ambayo yeye hataigusa, amekupa kitu kizito.

Mwekahazina wetu ni mama mwenye akili kali, na alikuwa wa kwanza kusema katika kamati. Alikwisha kuona dukani kompyuta mpya, ndani ya boksi lake, kwa shilingi 480,000. Nami nilipoanza kuuliza habari za kioo na betri, alinikata kwa heshima zote: "Mwalimu, mchagua jembe si mkulima."

Methali hiyo ni nzuri, na katika chuo cha ualimu nilichokiongoza niliitumia mara nyingi kuwatuliza wanachuo waliokuwa wakilalamikia vifaa. Mkulima wa kweli huingia shambani na jembe alilo nalo. Lakini tazama methali inamzungumzia nani. Inamzungumzia mtu atakayelima yeye mwenyewe, kwa mikono yake, katika shamba lake. Jembe likivunjika mpini, ni yeye atakayekaa chini ya mti akiuchonga mwingine, na njaa ikija ni ya nyumba yake. Sisi watatu hatukuwa wakulima. Tulikuwa tunachagua jembe ambalo wengine watalilimia, na likivunjika hatutakuwa sisi wenye njaa.

Hapo ndipo ninapoona swali lenyewe la maadili. Ubanaji wa matumizi tunausifu kama fadhila, na ni haki yake. Mimi mwenyewe nimevaa katambuga miaka mingi, nami ninayo redio ambayo waya wake nimeufunga kwa uzi. Anayepata taabu kwa redio hiyo ni mimi na mke wangu, na yeye amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo ya kusema. Lakini fadhila hii ina sharti ambalo hatulitaji. Anayebana matumizi awe ndiye atakayebanwa. Mtu akiweka akiba kwa kuhamishia hasara kwa mwingine, amefanya biashara tu, tena biashara ambayo mwingine hakuulizwa.

Katika chuo kimoja nilikofundisha nikiwa bado kijana, kamati ya ununuzi ilipata chaki za bei ya chini sana. Mtunza bohari alipongezwa kikaoni, na kiasi kilichookolewa kikaandikwa katika taarifa ya mwaka. Chaki zile zilikuwa zikimomonyoka mkononi kama muhogo mkavu, na maandishi yake hayakuonekana kuvuka mstari wa tatu wa madawati. Waliokaa nyuma, ambao kwa desturi ya chuo kile walikuwa wanachuo waliochelewa kufika kwa sababu ya kutoka mbali, walinakili walichobahatisha. Taarifa ya mwaka haikuwa na safu ya kuandikia hasara hiyo. Fedha iliyookolewa ilikuwa na mahali pa kuandikwa. Macho ya waliokaa nyuma hayakuwa na mahali.

Nikawaeleza wenzangu pia habari ya msichana mmoja. Ilikuwa katika mashindano ya wilaya ambayo sitaitaja, nami nilikuwapo kama mtazamaji. Waandaaji walikuwa na kompyuta mpya, na kwa kuiamini waliwaambia wenye saa za mkono wapumzike. Mbio za wasichana za mita 3,000 zilikimbiwa, mizunguko saba na nusu kwenye vumbi, na msichana huyo alifika wa kwanza, akiwaacha wenzake mbali. Kabla matokeo hayajanakiliwa, chombo kilizimika. Nadhani kilikuwa kimepata joto kupita kiasi. Kilipowashwa tena, mbio ile haikuwamo. Waandaaji hawakuwa watu wabaya. Walimpa zawadi yake, ndoo na daftari, kwa kuwa kila mtu alimwona akifika. Lakini muda wake haukuwapo, na wachaguzi walikuwa wakitaka muda. Aliambiwa anaweza kukimbia tena jioni. Alinijia kwa kuwa alikuwa ananifahamu kupitia babu yake, akaniamkia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwa hiyo sikukimbia?"

Nilimjibu kwamba alikimbia, na sisi sote ni mashahidi. Jibu hilo ni la kweli lakini halikumsaidia chochote, na yeye alilijua hilo kabla yangu. Miguu yake ilikuwa na mbio moja ya namna ile kwa siku hiyo. Ya jioni aliikimbia akiwa amechoka, na muda wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. Mtu akipoteza kitabu cha hesabu za duka anaweza kuhesabu upya mali iliyomo rafuni. Mbio haihesabiwi upya. Ikishapita imebaki katika kumbukumbu ya aliyeiandika tu, na ndiyo maana anayeshika chombo cha kuandikia amebeba kitu cha mtu mwingine ambacho hakina pacha.

Watu wengi wanajua kwamba Akhwari, katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alianguka na kuumia goti na bega, na kwamba aliendelea hadi mwisho akiwa amefungwa bandeji. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Ushujaa wake unasifiwa duniani kote, na unastahili. Mimi, kwa tabia ya ualimu, huwaza habari ya mtu mwingine ambaye hatajwi. Katika orodha ya matokeo Akhwari ni wa 57, na mbele ya jina lake pameandikwa saa 3:25:27. Kwa hiyo palikuwa na mtu ambaye giza lilikuwa linaingia, mshindi amekwisha kuvishwa medali, naye bado amekaa penye mstari na saa inakwenda.

Au chukua mbio za mita 1,500 za Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alipoongoza kuanzia mwanzo na kumwacha nyuma John Walker wa Nyuzilandi. Mitambo ilisoma dakika 3, sekunde 32.16, na kwa kanuni za wakati ule rekodi ya dunia iliandikwa 3:32.2. Kama rekodi ya michezo ya Jumuiya ya Madola muda huo ulidumu miaka 48, hadi mwaka 2022. Tunaposema tunataka kifaa cha kudumu, nadhani aghalabu tunakosea kitu tunachotaka kidumu. Chombo kinaweza kufa baada ya miaka minne na isiwe msiba. Kinachotakiwa kudumu ni ile namba.

Mwekahazina hakushindwa kirahisi, na hoja yake ya pili ilikuwa na nguvu kuliko methali. Alisema kwamba watu wanaongoja chombo bora hawaanzi kamwe. Kwamba Akhwari na Bayi hawakupimwa kwa kompyuta walipokuwa watoto. Na kwamba mashine ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya jangwani na vitani, ambazo kijana mmoja wa kamati alikuwa akizisifu, zikiwa mpya zinagharimu mamilioni ya shilingi, ambayo ni viatu na unga wa kambi ya miaka kadhaa. Katika hilo alikuwa sahihi. Kumnyima mtoto viatu ili kompyuta yake isiogope mvua ni aina nyingine ya kuhamisha hasara. Mkimbiaji akikosa viatu, anakimbia na ukosefu wake akiujua. Mpimaji akikosa uangalifu, mkimbiaji hajui kitu mpaka mwisho. Umaskini na uzembe visichanganywe, ingawa hutembea pamoja mara nyingi.

Basi tukaenda kwa kijana fundi wa kompyuta karibu na stendi, tukamwuliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: katika hizi zote, ni ipi unayoweza kuifungua? Alitufundisha mengi kwa nusu saa. Ile mpya ya shilingi 480,000 ilikuwa imechomelewa kumbukumbu yake kwenye bodi, kwa hiyo ikiharibika hakuna cha kubadilisha. Kioo chake kilikuwa hafifu, hakisomeki nje hata penye kivuli. Alituonyesha kwamba kioo cha kawaida kina mwanga wa kama niti 250, na kwamba kwa kazi ya nje inafaa kianzie 400. Alitueleza pia kuhusu maandishi yanayojivunia kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810: kwamba mtengenezaji ndiye hujipima mwenyewe, hapana jeshi linalotoa cheti, na huchagua majaribio anayotaka. Sikulifahamu hilo, nikafurahi kujifunza katika umri huu.

Kisha akatutolea kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, zile nene kidogo, zenye skrubu badala ya gundi. Mjumbe mwenzetu alisita kununua mtumba kwa ajili ya watoto, hasa kwa kuwa mgeni rasmi angekuja kuikabidhi na picha zingepigwa. Nadhani vitu vingi vya umma nchini vimenunuliwa kwa ajili ya picha hiyo. Nikamkumbusha Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, lilikuwa mtumba, limekwisha kukimbizwa na wengine katika mbio hizo hizo mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi, akilijua gari lile ndani na nje. Uimara wa gari lile nusu yake ulikuwa kiwandani Sweden, na nusu nyingine ulikuwa mikononi mwake.

Mtumba nao una mtego wake. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo sisi tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziikubali rasmi ile inayofuata. Muuzaji asiye mwaminifu humalizia zile za zamani kwa watu wa vijijini. Tukachagua iliyotengenezwa baada ya hapo, yenye hifadhi isiyo na sahani ya kuzunguka, maana ile ya sahani mtikisiko wa meza unaweza kuiua, na yenye tundu pana la waya wa mtandao, kwa kuwa kocha anaota siku ya kupata kamera ya kweli ya mstari wa mwisho. Fundi aliifungua mbele yetu kabla hatujalipa, akaisafisha feni kwa brashi, akatuonyesha jinsi ya kufanya hivyo wenyewe.

Bei ilikuwa 640,000. Betri mpya 90,000, kifaa cha kupata umeme kutoka betri ya gari pamoja na mkoba 80,000, flashi mbili za kunakilia 20,000. Zilisalia 410,000. Niliomba mambo mawili yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na mwekahazina aliyaandika kwa mkono wake. La kwanza, wenye saa za mkono wasiambiwe tena wapumzike. Wapime kila mbio kama kwamba kompyuta haipo. La pili, hakuna mbio inayofuata kuanza kabla muda wa ile iliyopita haujaandikwa katika daftari kwa kalamu, hata kama mgeni rasmi ana haraka. Hili la pili linatuchelewesha, na wapo wanaolalamika.

Tumekwisha kuitumia mashindano mawili. Katika yale ya pili ilizimika mara moja, waya ulipokanyagwa wakati betri haijarudishwa mahali pake, na msichana wa mbio za mita 800 aliyekuja mezani kuuliza muda wake alisomewa kutoka kwenye daftari. Alisema ahsante akaenda kunywa maji. Hakujua kwamba kuna kitu kilichokuwa kimetokea.

Sasa tunabishana juu ya zile 410,000. Mwekahazina anataka viatu vya misumari, jozi chache za kuazimana. Mimi nataka turubai, kwa sababu hata kioo cha niti 400 hakifui dafu mbele ya jua la saa sita, na mwandishi wetu amekuwa akijifunika kanga kichwani ili aone. Amenijibu kwamba kanga ni bei nafuu. Kikao ni Jumamosi.